Risasi Iliyokwama Kwenye Chuma cha Hobert

Jumatatu, 14 Oktoba

Wote wanaisimulia vibaya. Wote. Leo asubuhi nimeingia dukani kwa Denzil kununua maziwa, nikakuta kisa changu kimeshafika kabla yangu, kimevuliwa nguo na kuvalishwa nyingine. Denzil anasema Jumamosi nilianguka chumba cha chini kwa sababu ya pombe. Mke wa mchungaji anasema si pombe, ni Verlene alinisukuma ngazini, na kwamba mke wangu huyo yeye hamlaumu. Mwingine, simtaji, anasema nilikuwa napigana na mashine ya kufulia na mashine ikashinda. Nikasimama pale na maziwa yangu, kiuno kinauma, nikacheka kama mtu asiye na la kujibu. La kujibu ninalo. Ila halisemeki.

Basi nauandika ukweli hapa. Kijitabu hiki daktari alinipa niandike presha kila asubuhi. Presha: iko. Tuendelee.

Jumamosi nilikuwa chini, kwenye meza yangu, natengeneza risasi. Jumamosi hii inayokuja ni mashindano ya shabaha pale ukumbi wa wazima moto, na sheria yetu ni ileile tangu enzi za baba zetu: unapiga kwa risasi uliyoyeyusha na kumimina mwenyewe, nyumbani kwako. Ya dukani hairuhusiwi. Mshindi anapewa paja la nguruwe la moshi. Paja si kitu, Verlene analo kwenye friza. Kitu ni kisu. Kwenye chakula cha jioni, mshindi ndiye anayelikata lile paja mbele ya watu wote, na maadamu kisu kinatembea, hakuna ruhusa ya kumkatiza. Asimulie atakacho. Sasa nifikirie mimi, Dorsey Teets, kisu mkononi, kata nzima imekaa kwenye mabenchi na hakuna wa kuninyamazisha. Lile paja ningelikata jembamba kama karatasi, tungefika Krismasi.

Lakini mshindi ni Arvella. Kila mwaka Arvella. Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, mjane wa rafiki yangu Hobert. Na Arvella akishika kisu hasemi neno. Anakata kimya, anagawa kimya, anarudi kukaa. Ni kutupa chakula, nikiulizwa mimi.

Bunduki yangu na yake ni mapacha. Mimi na Hobert tulizinunua siku moja kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Macho yangu ni mazuri kuliko ya Arvella. Mkono wangu hautetemeki ila nikiwa na njaa. Tofauti iko wapi basi? Nimefikiri mwaka mzima, nimeipata. Tofauti ni kipenyo. Risasi ikitoka kwenye kalibu huwa nene kidogo, lazima uisukume kwa mashine ya mkono ipite kwenye tundu la chuma kigumu, itoke upande wa pili na unene mmoja na wenzake. Hicho chuma chenye tundu ndicho tunachokiita kipenyo. Changu nilinunua. Chake alikichonga Hobert kwa mikono yake kwenye karakana ya mgodi, mwaka wake wa mwisho, kabla vumbi la makaa halijamaliza mapafu yake. Ndicho chuma cha mwisho alichochonga. Duniani kiko kimoja. Arvella anakiweka kwenye kopo la tumbaku la marehemu, juu ya meza yake kule chini.

Alikuwa anakiweka. Wiki iliyopita nilikwenda kumtengenezea mfereji wa paa. Kopo likaniangalia. Nikaazima. Sikuomba, lakini kuazima ni nia, si mdomo. Na ndani ya kopo nikaacha nati kubwa ya trekta, ili likitikiswa liwe na uzito uleule. Mtu asiyefikiri mbele hawezi kuwaza jambo kama hilo.

Jumamosi risasi zilipita kwenye chuma cha Hobert kama siagi. Kila moja unaipaka mafuta ya nta kwanza. Ukisahau, inakwama. Mtoto analijua hilo. Na mimi nisingesahau, ila dubu. Ndiyo, dubu. Alisimama kwenye kidirisha, mkubwa kama pikapu, kovu puani, akanitazama kama anayenidai. Nani angekumbuka mafuta? Nikaweka risasi kavu, macho kwa dubu, nikashusha mpini. Ikaingia nusu. Ikagoma. Nikavalisha mpini bomba la maji ili uwe mrefu, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, ambao ni siri yangu na Verlene. Risasi haikusogea. Meza ikang'oka ukutani. Mimi, meza na mashine tukasafiri pamoja mpaka kwenye rafu ya chupa za rojo ya matufaha za Verlene. Ndio ule mshindo uliowafikia watu, nao wakaujazia wenyewe.

Sasa hali ni hii. Arvella huyeyusha risasi zake Jumatano, huzipitisha kwenye kipenyo Alhamisi. Alhamisi atafungua kopo. Chuma cha mwisho cha Hobert kiko kwenye mfuko wa ovaroli yangu, kimemeza risasi yangu. Nikikiharibu, sijui nitamtazama vipi yule mama. Na kijito chenyewe kinachotutenganisha ni chembamba.


Jumanne, 15 Oktoba

Presha: sikupima, mikono ina kazi.

Mpango wa leo: nyundo. Kilichoingia kwa nguvu kitoke kwa nguvu. Nikabana chuma kwenye jiliwa, nikachukua msumari mnene niliousaga ncha, nikauweka katikati ya risasi, nikapiga. Verlene akauliza kutoka juu kama najenga safina. Nikamjibu akusanye wanyama. Nikapiga tena. Msumari ukazama, risasi ikabaki palepale. Nikapiga kwa hasira. Nikaona imebana kuliko ilivyokuwa kabla sijaanza.

Ndipo nikakumbuka. Na kilichoniuma ni kwamba nilikuwa najua. Madini ya risasi ni laini. Ukiyapiga yamebanwa hayakimbii, yanatanuka, yanajaza kila upande kama unga wa mkate kwenye bati. Hilo nimelifundisha kaunti nzima. Miaka ile Denzil alipofanya kosa hilihili, nilikaa dukani kwake siku nzima, nikawa namweleza kila mteja anayeingia. Nilimpa jina la Nyundo. Wapo wanaomwita hivyo mpaka leo. Kwa hiyo hakuna mtu wa kumwuliza.

Mpango wa pili: skrubu ya mbao. Nikaizungusha mpaka ikashika vizuri, nikaivuta kwa koleo, mguu mmoja ukutani. Ikatoka. Ilitoka skrubu, na kipande cha madini kilichojikunja kama mkia wa nguruwe. Risasi imebaki ndani, sasa ina tundu.

Mpango wa tatu: moto. Madini ya risasi huyeyuka upesi. Nikawasha bomba la gesi, nikalisogeza. Nikasikia sauti ya Hobert, jinsi alivyokuwa akisema wakati tunakula chakula chetu mgodini: chuma kilichokomazwa ukikichoma kinalegea, na tundu lililolegea si tundu tena, ni pango. Nikazima gesi. Ndiyo mara pekee wiki hii niliyomsikiliza mtu, na mtu mwenyewe ni marehemu.

Alasiri Denzil kapita na gari lake, kashusha kioo, kauliza, "Mzee Dorsey, ile mashine ya kufulia imekubali yaishe?"

Nikamwambia imeniomba radhi.


Jumatano, 16 Oktoba

Nimeamka na akili. Hutokea.

Baridi. Baridi husinyaza kila kitu, lakini madini ya risasi husinyaa zaidi kuliko chuma. Kwa hiyo unaweka vyote kwenye friza, risasi inajikunyata ndani ya tundu, unaisukuma kwa kidole inaaga. Hili nimeligundua mwenyewe. Kama kuna mtu aliligundua kabla yangu, hakunitaarifu.

Shida ni Verlene. Friza ni nchi yake. Nikachunguza, nikaona mahali pamoja tu asipogusa kamwe: mfuko wangu wa vitunguu pori. Nilivichuma mwenyewe mlimani Aprili. Verlene havitaki. Anasema ukivila harufu inakaa na wewe kama mkwe. Nikazika chuma katikati ya vitunguu, nikafunga mfuko, nikafunika kwa mahindi. Hata mwizi angepita.

Mchana nikakaa kibarazani, naangalia ng'ambo. Arvella alikuwa nje ya banda lake na jiko la gesi, anayeyusha, anamimina, mvuke unapeperuka na upepo. Anakohoa. Koti la Hobert amelivaa, mikono ameikunja. Nikaangalia pengine.

Nimerudi kwenye friza alasiri. Mahindi yapo. Mfuko haupo.

Nikamwuliza Verlene kwa sauti ya kawaida. Akasema Arvella ana kifua, kasimama kwenye upepo asubuhi yote, na kwao wanaamini vitunguu pori vinafukuza kifua, basi amempelekea ule uozo wangu akaange na viazi. Ameongeza kwamba ametenda jema na friza imepata kupumua.

Nikakaa kwenye ndoo.

Akauliza mbona nimepauka hivyo. Nikamwambia nimeona dubu. Ndiyo mara ya kwanza nimemtaja kwa sauti. Verlene akasema kama ni dubu, afute viatu kabla hajaingia, ametoka kupiga deki.


Alhamisi, 17 Oktoba

Nimeanza mapema. Nikabeba ngazi, kwamba nimekuja kutazama mfereji. Nikamwona Arvella dirishani, akaniashiria niingie.

Nyumba nzima vitunguu pori. Ule mfuko uko kwenye pipa la taka, mtupu. Kikaango kile kikubwa cha chuma kiko jikoni, kimejaa viazi na vitunguu mpaka ukingoni. Nikapiga hesabu: mfuko mtupu, kikaango kimejaa. Chuma kimo humo.

Akaniambia, "Kaa ule, shemeji. Vyako hivi."

Nikakaa. Nikala taratibu, natafuna kwa meno ya upande mmoja, yale niliyobaki nayo. Kila kijiko nakigeuza. Hakuna. Nikaomba tena. Akanipakulia. Nikavuruga kwa uma mpaka chini. Hakuna. Nikasogeza kikaango karibu nami, kwa heshima.

Akasema, "Shemeji, unakula au unachimba makaa?"

Nikasema natafuta viazi vilivyoiva. Akasema vyote vimeiva. Nikasema ndiyo maana ni vigumu kuchagua.

Nilikula kikaango kizima. Mpaka nikaona chuma, lakini ni chuma cha kikaango. Nikamwuliza kwa mbali kama naye alikula, na kama alikutana na kitu kigumu. Akasema kinachomwuma ni kifua, si meno. Nikamwuliza kama leo anapitisha risasi zake. Akasema kesho, leo hana nguvu. Nikashukuru Mungu kwa kifua chake, kisha nikaona aibu, kisha nikashukuru tena.

Nikiwa mlangoni akasema nisiache kuja kuangalia mfereji. Akasema, "Huwa unaangalia sana." Arvella hana kawaida ya kusifu mtu. Nimefurahi njia nzima.

Verlene alinusa nikiwa bado kwenye daraja. Chakula cha jioni nimeletewa kibarazani, kwenye sahani ya mbwa tuliyemzika.


Ijumaa, 18 Oktoba

Presha: daktari akiisoma hii atanirudishia hela.

Siku ya Ijumaa kabla ya mashindano wanawake hukutana ukumbini kuumua unga wa chapati za ngano nyeusi, maana lazima uchachuke usiku kucha. Verlene ameondoka na mwiko wake. Arvella naye huwa haachi. Nyumba tupu. Na huku kwetu hatufungi milango.

Nikapita mlango wa nyuma. Friza yake: hakuna. Pipa la taka: hakuna. Chini ya jiko: mkono umetoka na soksi ya Hobert. Nikashuka chumba cha chini. Nikasema heri nichukue nati yangu, akifungua kopo akute tupu, atadhani kapoteza mwenyewe. Sikuipenda hiyo fikra, lakini ndiyo iliyokuwapo.

Nikafungua kopo. Nati haipo. Mle ndani imesimama risasi moja, wima kama mtu anayesubiri ibada ianze. Ina tundu la skrubu na jeraha la msumari. Tulijuana mara moja.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Shemeji," Arvella akasema, "mfereji uko juu."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tanuru, na blanketi, tangu mwanzo. Hakwenda ukumbini kwa sababu ya kifua. Mkono mmoja ameshika nati ya trekta. Mkono wa pili ameshika chuma cha Hobert, tundu linang'aa, unaona mwanga upande wa pili.

Akainua nati. Akasema amejaribu kupitisha risasi humu, lakini zinatoka nene kama vidole vya miguu.

Mimi ni mtu wa maneno.  Nikatoa la dubu. Nikamweleza kidirisha, kovu, macho.

"Wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Huku wote weusi, shemeji. Kaa."

Nikakaa juu ya ndoo ya madini. Akanieleza. Jumatano alipomimina vitunguu kwenye kikaango, kikalia kengele. Akakitambua kabla hajakigusa. Baridi nilikuwa nimeshaimaliza mimi, kwa hiyo sifa ya nusu ni yangu, hilo nimelitia akilini. Akadondosha mafuta mepesi, akakigeuza ili risasi irudi ilikotoka badala ya kulazimishwa mbele, akachukua kijiti cha mti mgumu kinachojaza tundu lote, bapa mwishoni, ili pigo lisiingie katikati na kuitanua, liisukume yote kwa pamoja. Akagonga mara moja. Ikaanguka mezani.

Kijiti kilikuwa kimetundikwa ukutani juu ya kopo muda wote huo. Nilikiona siku ile ninaazima. Nilidhani ni cha kukorogea rangi.

Akasema alikichonga Hobert. Kwa sababu wiki ya kwanza tu ya chuma hiki, Hobert naye alisahau mafuta, akaikwamisha risasi, akaipiga kwa msumari na nyundo. "Mlikuwa wawili, akili moja mnapokezana."

Nikamwomba nikione. Kwenye mdomo wa tundu, kwa nje, kuna mkwaruzo mpya. Msumari wangu.  Nikamwonyesha, maana ningemwambia nini. Akapitisha kidole gumba juu yake. Kisha akakipeleka upande wa pili, pana mkwaruzo mwingine, wa zamani, umeanza kuwa mweusi.

"Huu ni wa Hobert," akasema. "Huu wako. Basi."

Akapenga kamasi. Akasema ningeomba angenipa. Akasema tangu mazishi watu wanamletea vyakula, wanaviweka mlangoni na kukimbia kama wametega baruti. Hakuna aliyeshuka huku chini kuja kuazima kitu. Mwizi ndiye mgeni wake wa kwanza.

Nikasogeza ndoo yangu karibu naye. 

Tukapitisha risasi pamoja, zake na zangu. Mimi kwenye mpini, yeye anapaka mafuta, na kila moja alinionyesha kwanza, hivi, mbele ya pua, kama unavyomwonyesha mtoto dawa. Ameahidi kwamba dukani hatamwambia mtu. Neno la Arvella ni neno.

Na sasa nina risasi zilizopita kwenye chuma cha Hobert. Kesho kisu ni changu. Hotuba ninayo tayari.


Jumamosi, 19 Oktoba

Upepo. Nauandika mwanzo ili ijulikane ulikuwapo.

Risasi yangu ya kwanza ilikwenda kushoto. Ya pili ikaifuata kushoto, ikaipita. Nikarekebisha. Moja ilitoboa karatasi ya Denzil, aliyesimama pembeni yangu, tena katikati kabisa, na waamuzi wakamwandikia yeye. Denzil akaja kunishika mkono kwa shukrani mbele ya watu wote. Jumla yangu ni ndogo kuliko ya mwaka jana, na mwaka jana nilikuwa na mafua. Arvella alipiga, akakohoa, akapiga, akakohoa. Matundu yake yote ungeyafunika kwa kizibo cha chupa.

Jioni chapati, soseji, rojo ya matufaha kutoka nyumba nyingine, maana yetu yajulikana iliko. Arvella akaitwa mbele. Akashika kisu. Watu wakarudia sahani zao kama kawaida, kwa kuwa wanajua hasemi.

Akakata kipande cha kwanza. Chembamba. Akasema, "Mwaka huu nina kisa."

Uma zote zikasimama.

Akakitoa chote. Nati ya trekta. Mfuko wa vitunguu. Alinigeza nikitafuna upande mmoja, akageuza kila kipande cha nyama kwa ncha ya kisu na kukichungulia chini, mpaka mchungaji akalazimika kuondoa miwani na kujifuta. Alipofika kwenye kile kikaango cha viazi, "unakula au unachimba makaa", Verlene alilala juu ya meza. Mke wangu. Mwenye chupa zilizovunjika. Nikainua mkono nitoe marekebisho.

"Kisu kinatembea, mzee," Denzil akasema.

Hakikuacha kutembea. Vile vipande ungeona taa kupitia kwavyo. Alikata kama nilivyopanga kukata mimi. Aliahidi kutosema dukani, na ukumbi wa wazima moto si duka. Nilipaswa kulisikiliza lile neno.

Na kinachoniudhi, alisimulia vizuri. Hakukosea popote. Ndivyo isivyotakiwa.

Alipoweka kisu chini nikasimama. Nikasema yote ni kweli, lakini mama ameruka jambo moja kubwa. Nikawapa dubu. Nikampa kovu, nikamwongezea sikio lililochanika na namna ya kupumua kwenye kioo. Hata Denzil alisogeza kiti. Mpaka nilipokaa hakuna aliyekuwa anacheka.

Baadaye niliwaona wanawake wamemzunguka Arvella, na Denzil anamwomba amwazime kile kijiti, ana kitu chake kimekwama tangu miaka ile. Arvella akamwambia aje Jumatatu, ashuke chini mwenyewe, na aache nyundo kwenye gari. Koti la Hobert alikuwa amelivua, amelitundika kwenye msumari kama watu wengine.


Jumapili, 20 Oktoba

Presha: chini kidogo. Nadhani ni kwa sababu sasa nimejua.

Si kipenyo. Nimekitumia, sikushinda, hesabu imekwisha. Ni mafuta; Ijumaa zangu alizipaka haba. Arvella hupika mwenyewe mafuta yake, nta ya nyuki na kitu kingine ambacho hasemi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ni mimi. Ijumaa hiyohiyo, kwa tahadhari tu, alipogeuka kurudisha kijiti ukutani, kibonge cha mafuta kikaingia mfukoni mwangu. Kuazima tu. Nafasi yake niliacha kipande cha sabuni, rangi ileile.

Kwa bahati mbaya ovaroli ilikwenda kufuliwa, nikakihamishia kwenye suruali ya kanisani, mfuko wa nyuma. Na leo mchungaji, kwa huruma ya vifua vya watu, aliwasha moto kanisani kama kuoka mikate. Sikuhisi kitu, ni joto tu. Ilipofika kusimama kwa wimbo, waumini wote wakasimama, mimi nikabaki. Nikajaribu tena. Takia la benchi likanifuata nusu, likanirudisha. Verlene akanitazama kwa jicho lile. Watu wanaimba, mimi nimekaa peke yangu kama mpagani, nimeshikwa kuanzia kiuno kwenda chini.

Nikasikia pumzi sikioni kutoka benchi la nyuma.

"Shemeji," Arvella akanong'ona, "nikuletee kijiti cha Hobert?"

Walinitoa baada ya ibada, Denzil mkono huu na Arvella ule. Alielekeza yeye: nisivutwe mbele, nirudishwe nilikotoka. Suruali imebaki kwa Bwana. Mafuta yaliyosalia nimeyakwangua yote, yapo kwenye friza, chini ya mahindi. Mwakani kisu ni changu.

Liko jambo moja. Nje ya kanisa, wakati nimejifunga koti la Verlene kiunoni, Denzil alinivuta pembeni. Uso hauna mzaha. Amesema asubuhi ameona nyayo nyuma ya duka lake, kubwa kama sinia, na Jumanne wanaume watatoka kufuatilia, na kwa kuwa ni mimi pekee ninayeijua sura yake, niwe mbele.

Sasa, nakiandikia kijitabu hiki, na daktari akome hapo. Dubu hakuwapo. Siku ile nilikuwa najifunza hotuba ya kukata paja, kwa sauti, mkono mmoja umeshika rula kuwa ndicho kisu, na nilikuwa nimefika mahali patamu, watu wanalia kwa kicheko. Ndipo nikashusha mpini.

Lakini Denzil, pamoja na kasoro zake zote, si mtu wa kudanganya kuhusu nyayo. Nimeziba kidirisha kwa mbao.